Vipimo vya Miguu ya Bibi

Baba alisema Bibi ahamie mjini, Bibi akasema hahami, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kugombana waziwazi, wakakubaliana kusubiri madaktari. Nilikuwa kidato cha pili, shule zimefungwa mwezi wa sita, na baba alinituma Murangi nikakae na mama yake likizo nzima. Kazi iliyotajwa mbele ya watu ilikuwa kumchotea maji. Kazi aliyonieleza pale stendi ya Musoma, mama alipokuwa ameenda kununua mkate, ilikuwa nyingine.

"Mwangalie anavyotembea," alisema. "Ukiona anaanguka, usimwambie mtu. Unaniambia mimi."

Nikaitikia. Mimi huitikia karibu kila kitu, inapunguza maneno.

Bibi alikuwa ameanguka wakati wa masika, kwenye njia ya kwenda ziwani, akabaki kwenye matope mpaka watoto waliokuwa wanatoka kuoga walipomvuta. Yeye anasema hakuanguka, alikaa. Nilipomuuliza kwa nini mtu akae kwenye matope, alisema alikuwa amechoka, na kwamba shule inanifundisha kuuliza vibaya.

Baba wakati huo alikuwa nyumbani tu. Kiwanda chake kilikuwa kimesimama kwa kukosa pamba na vipuri, wafanyakazi wakaambiwa wasubiri tangazo, na walikuwa wanasubiri mwaka wa pili. Mama ndiye aliyetulisha kwa kuuza mitumba sokoni, biashara ambayo miaka michache nyuma ungeweza kukamatwa nayo. Bibi hakuambiwa habari za kiwanda. Kwake yeye mwanawe alikuwa na kazi, chumba na kochi.

Kochi ndilo lililomtisha. Jirani yetu pale Murangi, bibi mwingine aliyekuwa akilima na Bibi yangu, alichukuliwa na mwanawe akapumzike Bunda. Alipumzishwa kwenye kochi mbele ya redio, akikatazwa hata kuosha kikombe. Baada ya mavuno mawili alirudishwa amelazwa nyuma ya pikapu, mapaja yamekwisha, na hakusimama tena. Bibi alienda kumwona. Aliporudi alisema neno moja tu.

"Wamemkalisha."

Madaktari wenyewe walitoka Dar es Salaam. Walikuwa wanatafiti wazee: kwa nini mtu akizeeka misuli inapungua, na kwa nani inapungua upesi. Walikuwa wameshamaliza Butiama, sasa wanazunguka vijiji vya ziwani. Mwenyekiti wa kitongoji alitangaza kanisani kwamba wazee wote waje Jumanne, wapimwe nguvu.

Hapo pana jambo la kueleza. Miaka ya shida watu wa kwetu walikuwa wamezoea kwamba akija mgeni na kalamu, akauliza nani hajiwezi, baada ya muda unga wa njano wa msaada unafuata. Kwa hiyo Jumanne wazee wa kiume walifika hoi. Mume wa shangazi yangu, yaani mkwe wa Bibi, ambaye Jumatatu nilimwona akishusha gunia la mihogo mikavu kutoka kwenye mtumbwi na kupanda nalo mlima, alikuja ameegemea fimbo.

"Shemeji, umezeeka lini?" mama mmoja akamuuliza. "Jana si ulikuwa kijana?"

"Usiku uliopita."

"Na hiyo fimbo?"

"Nyamaza, mama, usituharibie."

Daktari alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alimpa mkwe kifaa cha chuma cha kubana kwa kiganja, chenye mshale unaoonyesha nguvu.

"Bana kwa nguvu zako zote, baba."

Mshale ukatikisika kidogo.

"Zote, baba."

"Ndiyo hizo, mwanangu. Zimebakiaga hizo tu."

Daktari akaitazama shingo yake, iliyokuwa nene kama ya ng'ombe wa plau, akaandika. Waliofuata walibana vilevile. Kama kuna kitabu mahali fulani kinachosema wanaume wa mwambao ule hawana mikono, chanzo ni unga.

Bibi peke yake alikuja kuonekana mzima. Alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka na kupaka miguu mafuta ya mgando. Alibana kile chuma mpaka nesi akasema inatosha. Halafu ikaja zamu ya kutembea.

Nesi alikuwa ametandaza kamba nyeupe ardhini, fupi, kama urefu wa vitanda viwili, na mzee alitakiwa kuifuata mpaka mwisho huku saa inahesabu. Aliitandaza mbele ya mlango wa kanisa kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kivuli. Wanaume waliokwisha kupimwa walikaa kwenye benchi hapohapo ukutani, na kamba ilipita mbele ya magoti yao. Katikati ya benchi alikaa mkwe.

Kwetu mama mkwe hapiti mbele ya mkwe wake. Hawali pamoja, hawatazamani, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Si ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe. Kila mtu pale alilijua hilo, isipokuwa daktari na nesi.

"Haya, mama," nesi akasema. "Tembea kama unavyokwenda sokoni. Anza." Akabonyeza saa.

Bibi akaitazama kamba. Akatazama upande wa benchi, akageuza uso haraka. Kisha akakata kulia, akatokomea nyuma ya kanisa.

"Anakwenda wapi?" nesi akauliza.

"Anakuja," akasema mwenyekiti.

"Lakini ameondoka."

"Hajaondoka, dada. Anakuja."

Saa ikaendelea. Kanisa letu ni refu, na nyuma yake katekista alikuwa amelima mihogo na kuizungushia miiba, kwa hiyo anayezunguka anazunguka na shamba. Mkwe alitazama chini kwa adabu. Mtu akakohoa. Nesi alishika saa mbele ya kifua kwa mikono miwili.

Bibi akatokea upande wa pili, kitenge kimejaa mbegu za majani, akasogea mpaka mwisho wa kamba bila kutazama benchi, akakanyaga ncha yake.

"Nimefika," akasema. Wala hakuwa anahema.

Nesi akamwonyesha daktari saa. Daktari akaitazama muda mrefu, akaandika. Hakuna aliyemweleza, kwa sababu hakuna aliyeona kuna kitu cha kueleza. Mimi nilidhani anajua. Alikuwa amesoma.

"Mama," akasema kwa upole, "mwendo wako uko chini sana. Kukaa peke yako ni hatari. Una watoto?"

"Ninao."

"Wakae karibu nawe." Akaagiza asipimwe kipimo cha mwisho, cha kusimama na kukaa kwenye kiti, asije akaanguka mbele ya watu.

Jioni ileile habari ikapanda gari la samaki kwenda Musoma. Lile gari lilikuwa linabeba sangara na barafu kupeleka kiwanda cha minofu, na dereva wake alijua nyumba ya kila mtu.

Bibi alikuwa anapepeta dagaa nilipomweleza kwamba ameandikwa hawezi kutembea.

"Kwani yeye alitaka nipite wapi?"

"Kwenye kamba, Bibi."

"Mbele ya mkwe?"

"Ndiyo."

Akaendelea kupepeta. "Huyo amesomea wapi?" Halafu akasema, "Kesho tunarudi. Wewe utamwambia."

"Mimi?"

"Nimtume kuku?"

Asubuhi nilimwambia daktari. Nilimwambia mara tatu, kwa sababu sauti yangu ni ndogo na mara mbili za kwanza hakusikia. Aliposikia alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamwita nesi. Wakahamisha kamba nyuma ya kanisa, pasipokuwa na mwanaume yeyote ila daktari mwenyewe, ambaye hakuwa ameoa kwetu.

Bibi alipita kwenye ile kamba upesi mpaka nesi akamwomba arudie, maana hakuwahi kubonyeza saa. Akarudia. Daktari akatabasamu. Nami nikatabasamu, nikajua baba ameshindwa.

"Sasa kiti," daktari akasema.

Kilikuwa kiti cha mbao cha kanisani. Unakaa, unakunja mikono kifuani, unasimama na kukaa mara tano bila kushika kitu. Nyumbani Bibi hukaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na akitaka kuinuka hushika nguzo, au ukuta, au siku hizi bega langu. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Nilidhani ananipenda.

Alisimama ya kwanza. Alisimama ya pili, polepole. Ya tatu alifika nusu. Mapaja yakaanza kutetemeka ndani ya kitenge, mikono ikafunguka yenyewe ikatafuta kitu hewani, akarudi chini kwa kishindo.

"Narudia," akasema.

Alianza upya, akaishia palepale.

"Kiti hiki ni kifupi."

"Ni kama viti vyote, mama."

"Najua," akasema Bibi.

Daktari akachuchumaa mbele yake, akamweleza kama mtu anayeeleza mtu mwenzake. Mikono yake ni mizuri kwa sababu ya jembe. Mwendo ni mzuri. Lakini misuli ya mapaja imepungua, na hiyo ndiyo inayomkamata mtu asianguke akiteleza. Inaweza kurudishwa, si yote: asimame na kukaa kwenye kiti kila siku, kidogokidogo, na ale vitu vya kujenga mwili. "Mko ziwani hapa, kuleni samaki."

"Samaki nyama yake inaendaga Ulaya," Bibi akamwambia. "Sisi tunaletewa kichwa na mgongo."

"Dagaa, basi. Na maharage."

Nikauliza mimi, na ninakumbuka kwamba nilisikika mara ya kwanza: "Akipelekwa mjini akapumzike?"

"Akikaa tu, miguu itakwisha upesi zaidi," akasema. "Lakini hapa peke yake nako, siku akianguka vibaya, nani atamwinua?"

Kwa hiyo baba hakuwa ameshindwa, wala Bibi hakuwa ameshinda. Tulirudi nyumbani. Njiani Bibi hakushika bega langu, na palipokuwa na mteremko alipita mbali nami makusudi.

Baba akafika Alhamisi na gari la samaki, ananuka barafu. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Hata chai hakuisubiri.

"Mama, madaktari wamesema."

"Wamesema nini?"

"Kwamba huwezi kutembea."

"Hiyo wamefuta. Wamesema siwezi kusimama."

Baba akanitazama. Nikatazama kuku. Bibi akamweleza yote mwenyewe, kiti, mapaja, ya tatu, bila kupunguza kitu. Baba alikuwa amekuja kubishana na mtu anayekataa, sasa hakujua pa kuanzia.

"Basi tunaelewana," akasema. "Jumamosi tunaondoka."

"Wewe unaweza?"

"Naweza nini?"

"Hicho cha kiti."

Tulikuwa na kiti kimoja, cha wageni, na baba ndiye aliyekikalia. Akacheka, akakunja mikono, akasimama na kukaa mara tano, chapuchapu, kama askari. Akaongeza nyingine bila kuombwa.

"Si unaona, mama? Ni kitu kidogo."

"Naona," akasema Bibi. "Basi mwenye miguu ndiye ahame."

"Ahamie wapi?"

"Hapa."

"Mama, mimi nina kazi."

"Ile ya kusubiri tangazo?"

Baba akanitazama tena, lakini safari hii si mimi niliyesema.

"Gari linalokuletea habari zangu," Bibi akasema, "linaniletea na zako. Mwaka wa pili sasa unakaa kwenye hilo kochi. Ulitaka tukae wawili?"

Baba alikuwa bado amekunja mikono kifuani, kama anayesubiri kupimwa tena. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo nilidhani ni mimi tu ninayo katika ukoo ule, "Nilikuwa nataka kukusaidia, mama."

"Nisaidie, basi. Nani amekukataza?"

Aliondoka Ijumaa. Tulikaa siku kadhaa bila kujua lolote, Bibi anauliza kila gari la samaki likipita, dereva anasema hajui, na kwa dereva yule hilo lilikuwa jambo la ajabu. Jumatano baba akarudi na godoro. Mama alikuwa amemwambia nenda, chumba kitapata nafasi ya marobota ya mitumba. Alisema atakaa mpaka mvua za vuli, au mpaka tangazo, lolote litakalotangulia. Bibi alisema ni sawa, akamwonyesha jembe.

Baba hakuwa ameshika jembe tangu darasa la saba. Siku ya pili malengelenge yalipasuka, akafunga viganja kwa kitambaa kilichotoka kwenye mitumba ya mama, chenye maandishi ya Kizungu. Bibi alihamishia kiti nyuma ya nyumba, pale shamba la mihogo linapoanzia, ili amwone asiharibu matuta. Hapo ndipo alipofanyia mazoezi yake, kila siku kabla jua halijawa kali. Alihesabu kwa Kijita, kwa sauti, ili mtu asije akasema hakufanya.

Asubuhi ya kuondoka kwangu kurudi shule nilikuwa nafunga sanduku ndani, nikamsikia. Moja. Mbili. Tatu, ambayo ilikuwa imechukua wiki kadhaa kuja. Kisha kimya, kisha nne, kwa sauti ya mtu aliyebeba mzigo. Nikachungulia dirishani. Baba alikuwa ameacha kulima, ameegemea mpini, anasubiri. Bibi alikuwa amekaa, mikono kifuani, anatazama mbele. Ya tano haikuja. Baba akatema mate kwenye viganja, akaendelea kulima.