Nusu ya Mtambo wa Mzee Hyasinti

"Mama mdogo, maneno ya watu yakishaandikwa serikalini, huwa yanakwenda kukaa wapi?"

Nilimwuliza hivyo tukiwa juu ya lori la mahindi, tunakwenda mjini. Nilikuwa darasa la tano, nimevaa sweta mbili kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita. Mama mdogo Avelina alikuwa amekaa juu ya gunia kama mwenyekiti wa kijiji, kitenge kimemfunika mpaka masikioni. Akanitazama, akasema ngoja kwanza tuyapate, ndipo tutajua yalikuwa wapi. Halafu akaendelea kubishana na utingo kuhusu namna ya kufunga turubai, na nakumbuka utingo ndiye aliyeshindwa.

Sasa niko kidato cha tatu, na nikiikumbuka siku ile bado natamani kumsimulia kila ninayekutana naye.

Mama mdogo Avelina ni mdogo wake mama. Aliolewa ziwani, Kihagara, na mume wake alipofariki akarudi kwetu milimani, upande wa Namswea, akiwa na watoto wawili, cherehani moja, na tabia ya kula dagaa asubuhi ambayo watu wa kwetu hawajaizoea mpaka leo. Ni mtu wa kucheka kwa sauti. Akichekea kisimani, walio shambani wanajua nani amefika.

Babu Hyasinti, baba yao, alikuwa bado hai wakati huo, akamkatia sehemu kwenye ntambo wake. Kwetu Wamatengo, ntambo ni mgongo mmoja wa mlima uliobanwa na vijito viwili, kimoja huku na kimoja huku, nao hulimwa na ukoo mmoja: kahawa karibu na nyumba, na mteremkoni yale mashimo yetu ya ngolo, ya mahindi na maharage. Babu hakupenda maneno yabaki jikoni. Alikwenda na binti yake kwenye mkutano wa kijiji, akasimama, akasema alichotaka kusema, na maneno yake yakaandikwa kwenye muhtasari.

Babu akafariki. Mama mdogo akapanda kahawa kwenye sehemu yake. Mwaka ambao miche ilizaa vizuri mpaka matawi yakainama, mjomba Kilian, kaka yao mkubwa, akaja.

Hakuja na ugomvi. Alikaa, akala, akasifia dagaa, ndipo akasema kwamba Baba alisema Avelina alime, hakusema kwamba pale ni pake. Kulima ni kulima tu. Sasa kijana wake anaoa na anahitaji mahali. Mama mdogo akamjibu kwamba Baba alisema pawe pake na pa watoto wake. Yaani wote wawili walimsikia baba mmoja, siku moja, wamekaa kwenye benchi moja, na kila mtu alirudi nyumbani na sentensi yake. Wazee waliokuwapo wengi wameshazikwa, na waliobaki walisema walikaa nyuma, hawakusikia vizuri. Labda ni kweli. Mjomba Kilian pia ni mtu ambaye ukimkosea hakuazimi ng'ombe wake.

Baraza la ardhi la kijiji likataka muhtasari. Nakala ya kijiji ilikuwa imeliwa na mchwa pamoja na mguu mmoja wa meza ya mtendaji. Lakini nakala nyingine ilipelekwa halmashauri, hilo kila mtu alilikumbuka. Baraza likasema litakaa tena baada ya mavuno, na kama hakuna karatasi, basi neno la mkubwa wa nyumba ndilo litakalosimama. Maana yake Mama mdogo angeachia ile kahawa yote, aanze tena na cherehani yake. Mjomba alisema mbele ya watu: "Lete maneno ya Baba, mdogo wangu. Yakisema ni pako, naondoka siku hiyo hiyo."

Mara ya kwanza Mama mdogo alikwenda mjini peke yake, akarudi na jibu la mdomo kwamba hakuna kitu. Mwalimu wetu Romanus akamwambia jibu la mdomo si jibu. Kuna sheria inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa iliyo kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kumjibu kwa maandishi. Basi Mama mdogo akaandika barua kwa herufi kubwa tupu, kama tangazo la mnada, akaipeleka mjini mwenyewe. Jibu likaja lina muhuri: majalada ya ardhi ya kijiji yamepekuliwa, kumbukumbu ya shamba la Mzee Hyasinti haipo.

Mjomba aliposikia alimtania palepale kwenye mashine ya kusaga, foleni nzima ikisikia. "Umeomba ardhi ukapewa barua," akasema. "Haya, ipande tuone kama itatoa kahawa." Watu wakacheka. Mama mdogo naye akacheka, tena kuliko wote, lakini jioni ile hakugusa cherehani.

Safari ya tatu ndiyo niliyokwenda naye, kwa sababu mama alitaka nikapimwe sare ya shule. Ya sare sikumbuki hata kidogo. Nakumbuka masjala, chumba kirefu chenye dirisha la nondo, na ndani rafu za mafaili mpaka darini, mengi kiasi kwamba nilihisi nchi nzima imekunjwa na kuwekwa mle. Dirishani alikuwa Bi Mwanabibi, mtu wa Kilwa aliyehamishiwa huku kikazi, mwenye juba la kijani na Kiswahili kilichonyooka mpaka nikaona aibu kufungua mdomo. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya chini.

"Umerudi tena," akasema.

"Mimi ni kama kodi, Bibie," Mama mdogo akamjibu. "Sichoki kurudi."

Bi Mwanabibi alijizuia kucheka, nikamwona. Akavuta karatasi, akamwambia aanze upya, amweleze anachotafuta kana kwamba hajawahi kufika. Mama mdogo akaeleza, kwamba ni muhtasari wa mkutano ambao Mzee Hyasinti aligawa ntambo wake. Bi Mwanabibi akawa anaandika. Mama mdogo ana macho ya mshonaji, anasoma hata maandishi yaliyogeuzwa, na ghafla akaweka kidole kwenye karatasi.

"Umeandika nini hapo?"

"Mtambo. Kama ulivyosema."

"Nimesema ntambo."

"Ndiyo, mtambo." Bi Mwanabibi akamtazama kwa upole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Ntambo si Kiswahili, dada yangu. Ni matamshi yenu tu ya huku juu."

Mama mdogo alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Nilidhani amekasirika. Kumbe kicheko kilikuwa kinapanda, nikakiona kikianzia mabegani.

"Bibie," akasema, "mtu akikuletea hapa karatasi ya mtambo, wewe unaiweka wapi?"

Bi Mwanabibi aligeuka kutazama rafu za nyuma yake. Kalamu ikabaki hewani.

"Kwenye mitambo," akasema taratibu. "Kule kwenye mashine."

Halafu akachukua funguo, na nawaambia, sijawahi kuona mtu mzima mwenye juba akienda kwa kasi ile kwenye korido ya serikali.

Alirudi amekumbatia furushi la mafaili, vumbi limemjaa puani, anapiga chafya na kuomba radhi, anaomba radhi na kupiga chafya. Akayapanga dirishani moja baada ya jingine, na sisi tukawa tunasoma majina kwa sauti bila hata kukubaliana. Mashine ya kusaga, Mpepai. Pampu ya maji ya shule. Mtambo wa kukoboa kahawa. Jenereta. Na chini kabisa, jembamba kama kipande cha mkate: Mtambo wa Hyasinti.

Hakuna aliyelifungua kwanza. Tuliliangalia tu. Kisha Bi Mwanabibi akavaa miwani yake vizuri, akasoma kwa ile sauti yake ya pwani:

"'Mzee Hyasinti ameueleza mkutano kwamba nusu ya mtambo wake, kutoka kijito cha chini mpaka njia ya kanisani, amempa binti yake Avelina, iwe yake na ya watoto wake, wala asiulizwe.'"

Mama mdogo akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, na mara hii alikuwa anatamka pamoja naye, midomo tu, kama mtu anayesali.

Karani aliyepiga chapa karatasi ile, nadhani, alijua Kiswahili kizuri mno. Aliona neno limekosewa akawasaidia. Na pembeni kuna mtu mwingine, baadaye, aliandika kwa penseli: Mtambo huu haujakaguliwa. Bi Mwanabibi alipofika hapo ilibidi akae kwenye kiti, akacheka mpaka akavua miwani. Tulitoka pale na nakala yenye muhuri, na Mama mdogo aliishika kwa mikono miwili njia nzima. Mimi nilikuwa nataka kumsimamisha kila mpita njia nimweleze.

Baraza lilipokaa, mjomba Kilian aliomba aisome mwenyewe. Alisoma mara moja, midomo imebana. Kisha akainua kichwa.

"Hapa pameandikwa mtambo," akasema. "Mimi sina ugomvi na mtambo wowote. Ninaoudai ni ntambo."

Baadhi wakacheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Akaichukua karatasi, akaigeuza, akamwuliza Mama mdogo ana jibu gani kwa hilo. Neno ndilo lililoificha karatasi miaka yote, na sasa lilitaka kuichukua tena, mchana kweupe.

Mama mdogo akasimama. "Kaka," akasema, "nitajie mashine ya Baba iliyokuwa na kijito chini na njia ya kanisani juu. Ukinionyesha, naiwasha sasa hivi, naiendesha mpaka Songea, na kahawa nakuachia yote."

Watu waliangua kicheko, na mwenyekiti safari hii akiwamo. Mjomba Kilian alijaribu kubaki na uso wake, ukamshinda. Alicheka akitikisa kichwa, akasema huyu mtoto Baba alimdekeza. Alasiri ile alipanda mteremkoni akang'oa mwenyewe vigingi alivyokuwa ameshampimia kijana wake, na kijana wake alipata mahali upande wa kijito cha pili.

Tangu hapo watu humfuata Mama mdogo. Wengine wanatafuta barua ya kiwanja, wengine cheti cha kuzaliwa cha marehemu. Likizo iliyopita nilikwenda naye Kihagara, kwa wifi yake Lidia, ambaye alikuwa ameambiwa ofisini kwamba karatasi ya shamba lake la muhogo haipo. Lidia alianza kueleza karatasi ilivyokuwa, ukubwa wake, rangi yake. Mama mdogo akamkatiza, akamwuliza aliyeiandika alikuwa mtu wa wapi. Lidia akafikiri, akasema alikuwa Mmatengo, wa kule kwenu juu. Mama mdogo akasugua viganja kama mtu aliyeletewa chakula.

Nikamwuliza tena lile swali langu la siku ya lori. Alikuwa amelisahau kabisa, akaniomba nilirudie. Kisha akasema:

"Yanakaa pale ambapo aliyeyaandika, kwa alivyoyasikia, alidhani ni kwao. Kwa hiyo ukiyatafuta, usianze na ofisi. Anza na mdomo wa yule mtu."