Ng'ombe Aliyekwama kwenye Kompyuta ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, anashona nguo hapa Kalemie, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Kando ya cherehani ana kompyuta ya zamani aliyoachiwa na mwanawe aliyehamia Lubumbashi. Humo amejaza picha za mishono, ili wateja wachague kola na mikono bila kubishana. Wanabishana hata hivyo. Kompyuta yenyewe inapata joto haraka na inachelewa kuwaka. Naijua vizuri, maana ni mimi ninayeifuta vumbi na kuiondolea virusi, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua udhaifu wake.

Mimi na rafiki yangu mmoja aliyeko Lubumbashi tulikuwa tunatengeneza mchezo wa kompyuta. Mchezaji anamteremsha ng'ombe kutoka milima ya Pepa mpaka ziwani, na ng'ombe huyo hafuati fimbo, anafuata sauti ya mwanamke anayemwita kwa wimbo. Sauti ni ya mama mkubwa. Alikulia Pepa, baba yake alikuwa mchungaji wa ng'ombe. Tulimrekodi kwa simu palepale anaposhonea, vitenge vimetundikwa dirishani kuzuia kelele, naye akaimba amefumba macho.

Ukafika wakati wa kuamua mchezo utahitaji kompyuta ya namna gani. Rafiki yangu akasema kwenye simu, "Tuchague kwanza batu wenye tunataka bacheze. Mashini yao yenye iko na nguvu kidogo kuliko zote, njo tupimie pale."

Tuanzie kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote: maneno ya akili kabisa, nami yakaniudhi. Nilikuwa nimehangaika na maji ya ziwa mpaka yakameremeta na kubeba kivuli cha milima, na maji yale hayachoreki bila kadi ya picha, kile kifaa kinachoisaidia kompyuta kuchora. Lakini maji yalikuwa kisingizio. Niliona aibu kuandika kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni kwamba kompyuta dhaifu inatosha. Nilitaka mtu wa mbali asome mahitaji yale na asifikirie hata kidogo kwamba mchezo umetoka kwetu. Nikadai kadi ya picha, nikadai kumbukumbu kubwa. Rafiki yangu akabadilisha mazungumzo, nikajifanya kuamini kwamba amekubali.

Tukauweka mchezo mtandaoni, na wageni wa mbali wakausifu. Mmoja aliandika kwamba sauti ya yule mama ilimtoa machozi. Kichwa kikanivimba. Nikampelekea mama mkubwa mchezo kwenye flashi, nikauingiza kwenye kompyuta yake na kuondoka bila kuufungua, eti nina haraka. Nilipomuuliza baadaye alijibu, "Inatembea muzuri, mutoto yangu." Ningetumia akili kidogo tu ningejua kwamba haiwezekani. Jibu lilinipendeza, nikalichukua.

Halafu nikaenda kuchukua suruali yangu. Mteja mmoja, mama wa makamo aliyekuwa anangoja kupimwa, akanikazia macho.

"Njo weye ulitengeneza ule muchezo wa ngombe?"

Nikasema ndiyo, nikanyoosha mgongo.

"Tulikuja kuuangalia hapa, wamama wa korale, benye kuimba kanisani. Kioo kilikuwa nyeusi tu. Mama akatuambia ngombe iko mbali, inakuja. Akaanza kumuita yeye mwenyewe. Aliimba mpaka na sisi tukaimba."

Cherehani ikasimama. Mama mkubwa aliinama akitafuta uzi ambao haukuwa umepotea.

"Mama, kwa nini haukuniambia?"

"Wamama walikuwa wamekaa tayari," alisema. "Niwaambie mutoto yetu alileta kitu chenye hakifunguki?"

Akaendelea kushona. Nilitamani ardhi inimeze. Mimi niliwaficha wageni kwamba natoka kwenye nyumba kama yake, na yeye, ndani ya nyumba hiyohiyo, aliimba ili kunisitiri. Na suruali akanipa imepigwa pasi.

Nikampigia rafiki yangu. Hakunisimanga, ingawa ningefurahi angenisimanga. Tukaondoa mmeremeto, tukaondoa vivuli, ziwa likabaki rangi ya buluu na mistari michache myeupe. Iliniuma, sitaki kudanganya. Nilikuwa naujaribu mchezo kwenye kompyuta ya mama mkubwa, wateja wakinipita na vitambaa vyao, mpaka siku ulipofunguka. Kwenye ukurasa wetu nikafuta mahitaji ya zamani na kuandika vipimo vya kompyuta ile.

Mama mkubwa akawaita tena wamama wa korale. Ng'ombe akateremka kwa kusuasua, akaingiza miguu majini, na ile sauti ikatoka kwenye spika, nyembamba, inakwaruza kidogo. Walitazama mpaka mwisho, safari hii hakuna aliyeimba. Yule mama wa makamo akageukia wenzake.

"Ile siku ingine ilikuwa tamu zaidi," alisema.

Alikuwa amesema kweli. Niliinamisha kichwa, nikaangalia vipande vya uzi sakafuni.

"Nyamaza, mama," mama mkubwa akamwambia. "Angalia. Ngombe ya mutoto yetu imefika."