Mama Mkwe Mezani

Siku Faustin alipowaona kwa mara ya kwanza, lori lilikuwa limekwama kwenye matope chini ya dispensari ya Masisi, na abiria walipanda kilima kwa miguu. Mbele alitangulia mwanamume mwembamba mwenye miwani, Barthélemy, muuguzi aliyehamishwa kutoka Walikale. Nyuma walifuata mkewe Céline na binti yao mdogo, Joséphine-Marie, aliyekuwa akisoma kwa sauti maandishi ya Kifaransa yaliyochapwa kwenye masanduku yao. Faustin, seremala wa misheni, alijitwika sanduku zito bila kusema neno.

"Papa Barthélemy," Céline akacheka, "huyu jirani iko bubu?"

"Hapana, iko na adabu. Wewe njo unasema maneno ya watu wawili."

Wakawa majirani. Faustin alikuwa mtu wa haya. Jioni aliketi kwao akisikiliza tu, na ndivyo alivyojua kilichomkosesha Barthélemy raha. Shule ya misheni iliwafundisha wasichana katekisimu, kushona na kulima, basi. Shule ya kweli ilikuwa ile ya watoto wa wazungu wenye mashamba. Siku hizo ilisemekana mtoto mweusi mmoja mmoja angeweza kupokelewa, mradi wakubwa wa serikali ya Wabelgiji waridhike na nyumba anamotoka.

Barthélemy akaomba. Akanyamaziwa, akaomba tena. Mwishowe akaambiwa: wageni watakuja kuangalia mnavyoishi, mnavyolala na mnavyokula. Faustin akamtengenezea meza na viti. Kila mlo ukawa mazoezi ya uma na kisu.

"Mama, kisu ni mukono wa kuume," mtoto alimkosoa Céline.

"Heee! Mimi nilikuzaa bila kisu!"

Asubuhi ya siku yenyewe, bila taarifa, akatokea Mama Pétronille, mama mzazi wa Céline. Alikuwa ametembea kutoka Ntoto, ndizi mgongoni, kuja kumwona mjukuu. Barthélemy alizunguka haraka upande wa pili wa nyumba. Kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hazungumzi naye, wala hatii chakula kinywani mbele yake. Bibi naye akajificha jikoni, kwenye kibanda cha nje.

Wageni walikuwa bwana mmoja wa serikali na madamu mmoja, wote Wazungu. Faustin, aliyekuwa akirekebisha dirisha, aliona yote. Familia iliketi mezani, ikala vizuri, madamu akatabasamu. Kisha akaenda kukagua jikoni, akamkuta bibi, na kwa wema wake akamshika mkono, akamleta ndani, akamketisha mkabala na Barthélemy.

"Bibi naye akule na watoto yake," akasema.

Barthélemy akaweka uma chini. Akasimama, akageuzia uso ukutani, akatoka. Bibi akajifunika kitenge kichwani. Yule bwana akamtazama madamu, akatikisa kichwa.

Faustin alimkimbilia Barthélemy migombani, na siku hiyo maneno yalimtoka.

"Papa, rudia mezani! Kula kidogo tu, waende zao!"

"Mbele ya mama mukwe? Hiyo ni kumuvua nguo mbele ya watu, Faustin."

Ndani, Joséphine-Marie aliendelea kukata nyama vipande vidogo, mgongo wima, peke yake.

Jibu lilikuja fupi: familia hii bado imefungwa na mila. Barthélemy akalalamika hadi kwa wakubwa wa mkoa, mwaka ukapita, akaambiwa mtoto amevuka umri. Joséphine-Marie akapelekwa kushona na kulima. Vitabu vya baba yake hakuvigusa tena.

Bibi alirudi Ntoto akisema ni yeye aliyemharibia mjukuu maisha. Barthélemy alimtumia ujumbe kupitia mkewe: si kosa lako, mama. Bibi hakuamini.

"Ni wewe unanifariji, binti yangu," alimwambia Céline aliyemfuata huko. "Yeye hawezi kusema hivyo."

Akaanza kusukuma sahani mbali, akakonda, akafa kabla ya mavuno ya maharage.

Baada ya matanga, kwa kuwa alikuwa amelalamika mno, Barthélemy alirudishwa kazini ndani kabisa ya msitu wa Walikale. Siku ya kuondoka, Faustin alimsaidia kufunga mizigo kwenye lori. Injini ikawashwa. Barthélemy akainama kutoka juu ya mizigo.

"Siku mama mukwe anakufa kule Ntoto, nilikuwa nje, nyuma ya ukuta. Nilimusikia anaomba musamaha, Faustin, na singeweza kuingia."