Jovita Alivyolizima Tundu la Mizani

Kwenye mlango wa kibanda chake cha Ujiji, Jovita alikuwa ameandika "Daktari wa Kompyuta". Scola, jirani yake muuza mandazi, hakumficha: "Daktari gani aliyetoka chuo mwaka wa pili? Futa hapo, andika nesi." Jovita hakufuta. Stashahada aliiacha katikati, ni kweli, lakini mashine zilizokata roho mikononi mwa wenye vyeti kamili zilifufuka mikononi mwake, na habari hiyo alimpa kila aliyesimama muda wa kutosha kuisikia.

Ndiyo iliyomleta kwake Mama Veneranda, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaoanika dagaa pale Kibirizi. Kikundi kilikuwa na mizani kubwa isiyo na uso: kilo zake zilisomeka kwenye skrini ya laptop kuukuu, yenye umri wa kutosha kupiga kura. Betri ilishakufa. Umeme ukikatika, laptop inazimika, na ikiwashwa inajikongoja dakika saba kabla ya kuamka. Dakika hizo dagaa wako juani na Bariki, mwenye boti nne, yuko juu ya watu akiwahimiza. Yeye alipenda kuuza kwa ndoo. Ndoo zake zilikuwa zimebonyea tumboni, na kwa bahati ya ajabu hakuna hata moja iliyobonyea kwa faida ya mnunuzi.

"Mama, nakuheshimu," alikuwa amesema. "Ila mbalamwezi ikiisha na giza likirudi, mashine yenu ikishindwa siku ya kwanza, ni ndoo. Na habari ya mizani nisiisikie tena."

Jovita alikuja wiki ya mbalamwezi, boti zikiwa zimelala mchangani, maana hakuna taa ya mvuvi inayoshindana na mwezi. Ufukwe ulikuwa kimya, kichanja cha mizani kitupu. Dawa aliijua: kupunguza kiini cha mfumo, ile sehemu inayotangulia kuamka na kuwaamsha wengine. Kiini kile kilibeba vifaa vya dunia nzima, vikiwemo ambavyo Kibirizi havijafika na havina nauli ya kufika. Akafungua orodha ya njia ambazo vifaa hupitia kuongea na kiini, akajibu moja moja. PCI? Ndiyo, bila hiyo hakuna kitu. ISA? Hapana, hiyo ni ya enzi za babu. PCMCIA, njia ya kadi zinazochomekwa ubavuni? Akainama kuchungulia. Tundu lilikuwa tupu, na ndani yake buibui.

"Hii si njia, hii ni nyumba ya mtu," alisema. Hapana.

Diski ilikuwa imejaa, akafuta kiini cha zamani, akaweka kipya. Laptop ikaamka kwa sekunde arobaini. Mama Veneranda alipiga kigelegele peke yake ufukweni.

Giza lilirudi. Asubuhi ya kwanza boti ziliingia zimejaa, na Jovita alikuwepo, amevaa vizuri, tayari kusifiwa. Ndipo Gasper, mtunza mizani, alipofika na kopo la maziwa ya unga. Akalifungua, akatoa kadi bapa iliyofungwa kitambaa, akaisukuma ndani ya lile tundu, akaunganisha waya wa mizani. Wakaweka beseni la kwanza. Skrini ikasema sifuri.

"Kaka Gasper," Jovita aliuliza polepole, "hicho ni nini?"

"Kadi ya mizani. Waya unaingia hapa, kadi inaingia pale."

"Wiki nzima ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Mbalamwezi kila mtu anabeba chake, dada. Wenye boti wanabeba taa, mimi nabeba kadi. Uliniuliza?"

Bariki alishakaribia. Jina la nesi, inaonekana, lilifika Kibirizi kabla ya mwenye nalo. "Nesi, hongera. Mgonjwa anaamka haraka sana. Ila haoni."

Wachukuzi wakacheka mpaka mabeseni yakayumba vichwani. Mama Veneranda hakucheka. "Mwanangu, kadi imeharibika?"

Swali lilikuwa mlango wazi. Angesema ndiyo tu, lawama ingekwenda kwa Gasper na kopo lake, na daktari angebaki daktari. Jovita alimtazama Gasper, ambaye alikuwa anaifuta kadi kwa shati lake, kwa upole, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi.

"Kadi ni nzima, Mama. Mimi ndiye niliyezima njia yake. Nilikuta tundu tupu, nikadhani halina mwenyewe. Nipe nusu saa."

"Boti ni nne," alisema Mama Veneranda. Kisha akamgeukia Bariki. "Pima kwa ndoo. Ila siku ya kwanza haijaisha mpaka boti ya mwisho iwe tupu. Au uliapa vingine?"

Bariki hakuwa ameapa vingine.

Jovita alikaa juu ya kreti, akatoa kompyuta yake mkobani, akarudi kwenye lile swali na kujibu ndiyo. Kiini kilijengwa upya, mistari ikipanda kwenye skrini bila haraka. Boti ya kwanza ikaisha. Ya pili. Ya tatu ikaisha. Wachukuzi walipoinamia boti ya nne, alikihamishia kiini kipya kwenye laptop ya mizani, akaiwasha. Gasper akachomeka kadi. Beseni likapanda, na namba ikatulia: kumi na mbili na nusu.

"Sasa weka ndoo, baba," Mama Veneranda alimwambia Bariki. "Ile unayotuuzia kama kilo ishirini."

Ndoo ilipandishwa, imejaa dagaa. Kumi na saba.

Bariki aliitazama skrini, akaitazama ndoo. "Mizani yenu ina njaa," alisema, lakini boti ya nne ilipimwa yote pale pale, na kesho yake hakuja na ndoo.

Mbalamwezi iliyofuata, Jovita alimsihi Gasper aiache kadi ndani ya laptop. Gasper akasema mila ni mila, akaifunga kwenye kitambaa, akaondoka na kopo lake. Jovita akakata kipande cha plasta, akakibandika juu ya tundu na kuandika kwa kalamu: "Mwenyewe yupo. Kaenda kwa Gasper."