Koti la Kwendea Kwenye Theluji

Fundi huyu wa nguo hakuwahi kutumia futi ya kupimia. Walimwita Jicho, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mteja akiingia dukani, Jicho alimtazama mara moja tu kuanzia bega hadi kisigino, akakata kitambaa, na suruali ikamkaa. Futi, alisema, ni ya mafundi wasioamini macho waliyopewa na Mungu. Kuhusu zipu pia alikuwa na maoni yake, lakini hayo tuyaache.

Ukutani juu ya cherehani yake ilining'inia kalenda kuukuu yenye picha ya treni nyekundu ikikatiza milima ya theluji. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao mkewe aliitazama picha ile, akasema, "Pazuri." Neno moja tu. Juu ya neno hilo Jicho alijenga ndoto ya miaka thelathini na moja: wiki mbili, yeye na mkewe, dirishani mwa treni ile. Sasa watoto walikuwa wameshahama wote, nauli ipo, na dada wa ofisi ya tiketi alikuwa amempa hadi Ijumaa apeleke majina. Vilivyobaki ni makoti mawili na mke mmoja. Makoti aliyashona. Mke, Jicho hakumwambia kitu, maana alitaka kumshtukiza, na wala haikumpitia akilini kwamba angeweza kukataa. Bila yeye, kwa Jicho, safari haikuwepo.

Jumatano alimsubiri nje ya shule ya msingi, ambako mkewe aliwapikia watoto mia tatu kila siku ya Mungu, akamchukua na harufu yake ya vitunguu hadi buchani. Bwana nyama, rafiki yake wa tangu utoto, mtu mwembamba asiye na dalili ya kuijua bidhaa yake, alikuwa amekubali kuwaazima chumba cha baridi kwa nusu saa. Nguo hujaribiwa kabla ya kukabidhiwa, na koti la theluji utalijaribia wapi, juani?

"Karibu ughaibuni, shemeji," bwana nyama alisema akivuta mlango mzito. "Huyo wa kushoto ni mbuzi, usijisumbue kumsalimia."

Pale katikati ya mizoga Jicho aliimwaga safari yote, treni, milima, blanketi za bure, mvuke ukimtoka mdomoni. Kisha akamvika mkewe koti. Mkono mmoja ukaingia. Wa pili ukakwama kwenye kiwiko. Vifungo na matundu yake vikabaki vinatazamana kwa mbali kama wakwe waliogombana.

"Ulinipima lini?" mkewe aliuliza.

"Mimi sipimi. Mimi natazama."

"Haya, ulinitazama lini?"

Koti lile Jicho alikuwa amelikata kwa kumbukumbu, na aliyekuwemo kwenye kumbukumbu ni yule binti wa mwaka wa kalenda. Kinyozi hajinyoi: miaka yote hiyo mkewe alijinunulia magauni ya mitumba kwa kuwa foleni ya wateja haikuisha. Hata kiuno cha tarishi wa mtaani Jicho alikijua hadi nusu inchi. Cha mkewe hakukijua. Aliona aibu, aibu ya kweli, humo humo kwenye baridi.

"Nitalifumua," akasema. "Naongeza kitambaa ubavuni, hadi Ijumaa..."

"Usilifumue. Nani alikwambia nataka kwenda kwenye barafu?"

"Si wewe? Ulisema pazuri."

"Nilisema pazuri. Hata makaburini kwa matajiri ni pazuri, sikusema nihamie."

Bwana nyama alicheka, kisha akajifanya anamgeuza mbuzi.

"Basi unataka kwenda wapi?" Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na Jicho alikuwa anauliza kwa mara ya kwanza. Jibu lilikuwa limeiva zamani.

"Sitaki kwenda. Nataka kukaa. Wiki mbili nyumbani kwangu, nisiulizwe chumvi iko wapi, soksi ziko wapi, leo tunakula nini. Nilale mpaka nichoke kulala."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

Mkewe alimtazama kwa upole uliomuuma kuliko ugomvi. "Wewe si una treni, baba watoto?"

Mkewe alipolivua, koti likamkaa bwana nyama sawasawa, na bitana yake ya maua. Akaomba abaki nalo kwa ajili ya kazi, akaachiwa.

Alhamisi Jicho aliharibu suruali tatu. Alikuwa na huzuni ya mtu mzima, ile isiyo na pa kuipeleka. Alitaka mtu wa kumgusa kiwiko dirishani na kumwambia, tazama kule. Alifikiria kuahirisha yote na kubaki nyumbani, wapumzike wote wawili. Wazo hilo lilimfurahisha kwa dakika tano, hadi alipojisikia mwenyewe akiita kuelekea jikoni kuuliza mkasi uko wapi.

Ijumaa alikwenda ofisi ya tiketi.

"Wasafiri wawili, si ndiyo?" dada akauliza, kalamu mkononi.

"Mmoja."

Dada akainua uso. "Kwani mama haendi likizo?"

"Anakwenda," Jicho alisema. "Ndiyo maana mimi naondoka."