Hadithi za Ukutani

Juzi nilinusa gundi ya unga kwenye kibanda cha chai hapa Njoro, nikamkumbuka baba. Nilipokuwa mtoto, mama alibandika ukutani kwa gundi kama hiyo magazeti aliyotupa mzungu wa shamba, kuzuia baridi, na kila Jumapili baba alinisomea hadithi humo, akifuata mistari kwa kidole. Siku hizo za hali ya hatari, wakoloni walipowasaka wapiganaji wa msituni, mfanyakazi aliyejua kusoma alishukiwa. Alasiri moja askari waliingia, wakamkuta kidole kiko ukutani.

“Kumbe wewe unasoma!”

“Sijui kusoma, afande.”

Niliona aibu kwamba baba yangu ni mwongo. Walimchukua, hakurudi.

Nilipojua kusoma niliukimbilia ukuta ule. Yalikuwa matangazo ya sabuni tu. Baba alisema kweli. Nimezeeka nikisoma vitabu, na zile hadithi zake sijazipata popote.