Amri Iliyofuta Nusu ya Kyarumba

Katibu wa chama chetu cha wakulima wa kahawa pale Bwera, mzee aliyehamia kutoka Butembo, alikuwa akikagua orodha kwa rula. Orodha ilikuwa ndani ya kompyuta, lakini rula aliibandika kwenye kioo: anasoma jina kwa sauti, anaishusha. Kesho yake watu wa Kyarumba wangeteremka kuchukua miche, na asiyekuwa kwenye orodha angepanda mlima mikono mitupu.

"Papa, hiyo ni kazi au ibada?" nikamuuliza.

"Kuya ufanye wewe, mutu ya iniversite."

Nikakaa. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri ambalo chuoni lilitufanya tujione wachawi. Kwanza amri ya sed, ifute vijiji na namba za simu zilizotapakaa kando ya majina. Halafu sort -u: mistari inayofanana ibaki mmoja. Nikahifadhi juu ya faili lilelile. Nakala ni za waoga.

Kufumba na kufumbua, kurasa kumi na mbili zikawa tano.

"Umeona, Papa? Watu walijiandikisha mara mbilimbili. Ujanja mtupu!"

Mzee akashusha rula taratibu, akafika mwisho mapema mno.

"Batu beko wapi?" akauliza. "Wewe si Mukonzo?"

Ndiyo, ni Mkonzo. Kwetu mabinti wote wa kwanza huitwa jina moja, wa pili wote jingine, nyumba kwa nyumba, kilima kwa kilima, na hata kwao Butembo ni hivyohivyo. Padri huongeza jina la mtakatifu, na watakatifu wanaopendwa Kyarumba hawazidi kumi. Mimi ninayehoji hadi mahubiri sikuihoji amri yangu. Wanawake wa vijiji vizima nilikuwa nimewageuza mtu mmoja, na mama yangu alikuwa miongoni mwao.

"Muzuri," mzee akasema. "Kesho bamama batapigania muche mumoja."

Akanisukumia boksi la fomu zilizojazwa kwa mkono. Nilichapa upya hadi jioni, jina, kijiji, simu. Kufikia fomu ya thelathini macho yalianza kuruka mistari. Nikaomba rula.

Asubuhi mama alipata miche yake, akajitwika.

"Huyu mwanangu alisomea kompyuta," akamwambia katibu kwa fahari.

"Najua, mama," mzee akajibu. "Rula anaishika muzuri sana."